Ghati wa Penseli

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Ghati alikuwa nyuma ya hema la jikoni akianika mashuka ya wageni. Kambi ilikuwa upande wa Ikoma, si mbali na geti la hifadhi, na msimu huo ilijaa hadi hema la mwisho. Nyani walikaa kwenye mti wa jirani wakisubiri ageuke ili waondoke na vibanio. Alipomaliza kuanika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa daftari la kuchorea kwenye mfuko wa aproni, akamalizia kujichora sikio.

Alikuwa amechora uwanja wa nyumbani kwao Tarime, mlimani juu ya barabara ya Sirari. Nyumba ya mama yake ilikuwepo, na bati lake lenye kutu. Kaka yake Heche alikuwa ananoa kisu, Boke mke wa Heche alikuwa anapuliza moto, na watoto wao walikuwa wanamfukuza kuku. Karibu na kiti cha mama yake, Ghati akajichora mwenyewe. Alijichora kwa upande, kwa kuwa uso wa mbele ulikuwa unamshinda, na mikono akaificha nyuma ya mgongo, kwa kuwa vidole vilimshinda zaidi. Kisha akarudi kwenye pasi ya mkaa.

Jioni Heche alipiga simu.

"Umefika salama," alisema. "Lakini kwa nini hukusema unakuja? Ningetuma bodaboda ikuchukue stendi."

Ghati alimwambia kwamba yuko Ikoma, anapiga pasi foronya.

"Najua. Na huku pia upo, umekaa na mama. Umepungua sana, dada. Ukigeuka hivi hatukuoni kabisa. Halafu jicho la pili liko wapi?"

"Nilijichora kwa upande."

"Ndiyo maana. Mama akikusemesha akiwa upande ule mwingine, husikii."

Wakatakiana Krismasi njema, na Heche akakata simu kwa sababu ng'ombe alikuwa anasubiri.

Daftari lenyewe Ghati alipewa na mgeni, bibi mmoja wa Kizungu aliyekuja na watoto na wajukuu wake kukimbia baridi ya kwao. Bibi huyo alikuwa na kawaida ya kuchora kila sikukuu ya familia yake, na kurasa za mwanzo alikuwa amezijaza: mti uliosimamishwa sebuleni, watoto waliovaa makoti mazito wakimtengeneza mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, na nyumba iliyofunikwa na theluji hadi madirishani. Vedasto, mpishi wa kambi, mtu wa Natta mwenye Kiingereza kizuri, ndiye aliyetafsiri. Alieleza kwamba kwao bibi huyo baridi ikizidi watu hurudi nyumbani wakakaa pamoja hadi ipungue.

"Mwambie hata kwetu ni hivyohivyo," Ghati alisema, "ila mti tunauacha nje."

Bibi alicheka, akamwachia daftari na penseli yake nene, akamwambia achore na za kwao. Alimfundisha jambo moja tu. Theluji huichori, alisema. Unaiacha karatasi nyeupe, unatia weusi pembeni yake.

Na za kwao zilikuwepo. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka mlimani na watu wanatembea wamejifunga blanketi, kina Ghati hukusanyika nyumba ya mama yao, bibi Rhobi. Huwashwa moto wa magunzi, hupikwa uji wa wimbi, watoto hulala pale pale kwenye mkeka, na binti mkubwa hulala mgongoni kwa mama yake ili baridi isimwingie kwa nyuma. Binti mkubwa alikuwa Ghati. Mwezi wa kumi na mbili huchinjwa ng'ombe, hupikwa kichuri, mchuzi mchungu wa matumbo na nyongo, na kabla mtu mwingine hajagusa nyama, Boke huchukua ubavu akampa Ghati kwa mikono miwili. Sababu ya ubavu ilijulikana na wote. Ghati alipoolewa, ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake ndio waliokwenda kumwoa Boke. Mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe za wifi yake hawezi kumpa wifi huyo mfupa kama mtu aliyepita njia.

Shida ni kwamba miezi hiyo miwili, wa saba na wa kumi na mbili, ndiyo wageni hujaa. Godwin, meneja wa kambi, hakuwa mtu mbaya. Kila alipoombwa likizo alikubali kwa moyo mweupe, kisha akataja mwezi wa nne, ambao ni wa mvua, hakuna mgeni, na Tarime hakuna sikukuu yoyote zaidi ya kupalilia. Kwa hiyo tangu mume wake alipofariki na shemeji zake wakaichukua nyumba, Ghati alikuwa anafua mashuka ya watu waliokuja likizo, na yeye likizo za kwao alikuwa anazisikia kwa simu. Jambo hilo lilimuuma. Hakulisema kwa mtu, lakini alikuwa anapiga foronya kwa pasi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mwaka ule wa kwanza, sikukuu zilipoisha, alichukua kifutio akajifuta. Heche alipiga kusema kwamba ameaga vizuri tu, akaanza kupotea miguuni, na mama aliendelea kumpungia mkono hadi lilipobaki sikio.

"Ila Boke amenung'unika kidogo," Heche aliongeza. "Anasema wifi amekaa siku zote hizo ameweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule."

Ghati aliona aibu. Akaanza kujifunza kuchora mikono.

Alijifunzia kwa Vedasto, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mikono inayotulia mahali pamoja, akikanda unga wa chapati kila alfajiri. Mwezi wa saba ulipofika alijichora upya, mbele, kwa macho mawili na masikio mawili na mikono iliyo wazi. Simu ilipokuja ilikuwa ya Boke mwenyewe, kwa furaha. Wifi amepasua kuni zote za wiki. Wifi amesaga wimbi. Wifi amekanda chapati zilizochambuka hadi jirani wakaja kuuliza.

"Lakini wifi, mbona mikono ni mikubwa hivi?"

"Ni ya Vedasto."

"Ah. Mwambie asante."

Vedasto alipoambiwa alitazama mikono yake mwenyewe mbele na nyuma, akasema kwamba tangu asubuhi alikuwa anashangaa kwa nini imechoka.

Aliyepiga simu baada ya hapo alikuwa mama yake. Bibi Rhobi alikuwa na tabia ya kushika simu mbali na mdomo, kwa hiyo maneno yake yalifika pamoja na jogoo na watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza. Huyu uliyemleta ana adabu. Usiku anakuja kulala mgongoni kwangu kama kawaida yetu, silaumu. Lakini hana joto. Ni kama nimejifunika gazeti."

"Nitaongeza rangi, mama."

"Haya. Ongeza."

Ghati aliomba kalamu nyekundu kwa mtoto wa mgeni, akajipaka mashavuni na kifuani. Mama yake alirudisha jibu kwamba asante, blanketi lote sasa ni jekundu, na baridi iko palepale.

Krismasi iliyofuata Ghati wa penseli alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kuzoeleka. Majirani walimsalimu barabarani, na walimhurumia tu mvua ikinyesha, wakimwambia apite chini ya migomba asije akachuja. Siku ya kuchinja, Boke alichukua ubavu akampa kwa mikono miwili, na yeye akaupokea kwa mikono miwili ya Vedasto. Akabaki ameushika. Chini ya gauni lake hapakuwa na kitu kilichochorwa, si tumbo wala kingine, na chakula hakikuwa na pa kwenda. Alisimama na ubavu hadi mafuta yakaganda. Mwisho Heche aliuchukua akaula, ili usiharibike. Mwaka Mpya walipochinja mbuzi, Boke alifupisha safari, ubavu akampa Heche moja kwa moja, naye Ghati wa penseli akasema asante.

Wiki hiyo Heche alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyekaa vizuri.

"Dada, safari hii usimfute."

"Kwa nini?"

"Tumemzoea. Anafagia kabla jua halijatoka, halalamiki, hali chakula, hasemi sana. Boke amenenepa. Yaani tutumie ukurasa wenyewe, tumweke hapa nyumbani moja kwa moja. Wewe kifutio chako kinaweza kuteleza siku moja, ikawa msiba."

Ghati alifurahi. Isidhaniwe kwamba alikuwa mjinga. Alifurahi kwa sababu tangu mume wake afe hakuna mtu aliyewahi kumwomba abaki mahali. Aliuchomoa ukurasa taratibu, akautia kwenye bahasha ya kaki, akaukabidhi kwa kondakta wa basi pale Mugumu. Heche aliupokea, akaupeleka Sirari kwa kijana wa stesheneri, akauwekea laminesheni ya plastiki pande zote mbili. Alituma picha yake kwa WhatsApp. Ukurasa uling'aa.

Mwezi wa saba uliofuata baridi ilikuwa kali. Wafanyakazi waliotoka Tarime walileta habari za ukungu usioondoka hadi saa nne na mahindi yaliyogoma kukauka. Bibi Rhobi alipiga simu, na safari hii aliishika karibu na mdomo.

"Mgongo wangu umeingiwa," alisema. "Siwezi kunyoosha asubuhi. Usichore tena. Njoo wewe."

Ghati aliivua aproni akaenda ofisini kwa Godwin. Alimwambia kwamba anakwenda nyumbani, si mwezi wa nne, sasa hivi, mama yake ana baridi. Godwin alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa na habari zote za yule wa Tarime, kwa sababu Vedasto hakujua kunyamaza.

"Nenda," alisema. "Mzazi ni mzazi. Nichoree tu mwingine wa hapa."

Kwa hiyo Ghati alikaa juu ya ndoo yake akajichora kwa mara nyingine, na kwa haraka ya kutaka kuondoka akajichora vizuri kuliko siku zote, akiwa na pasi mkononi. Godwin aliutaka ukurasa ubaki ofisini, kama dhamana, na Ghati hakubisha. Godwin aliuweka chini ya kioo cha meza yake. Ghati alipotoka getini na begi, mwenzake mpya wa penseli alikuwa amekwisha kuanika kamba nzima, na nyani walikuwa wamehama mti.

Alifika nyumbani jioni na ukungu. Aliyekuwa anafagia uwanja alikuwa Ghati wa penseli. Wakatazamana kidogo, kama watu waliokutana wamevaa kitambaa cha duka moja.

"Habari za safari?" aliuliza wa penseli.

"Nzuri. Mama yuko wapi?"

"Ndani."

Boke alitoka jikoni akasimama katikati yao. Alimpenda wifi yake, na ni kwa sababu alimpenda ndiyo maana hakujua amweke wapi. Kigoda cha Ghati kilikuwa na mtu. Kitanda chake cha kamba, kwenye chumba cha pembeni, kilikuwa na mtu. Baada ya kufikiri, Boke alikwenda kabatini akatoa kikombe cha wageni, kile chenye maua, na kiti cha wageni chenye kitambaa cha kufuma, akaviweka vyote mahali pazuri.

"Karibu sana, wifi," alisema, na alisema kwa moyo. "Unaondoka lini?"

Ghati akanywa chai.

Wakati wa chakula sahani zilitoka jikoni zikaenda kwa kila mtu, na kwake haikufika. Hakuna aliyemdhulumu. Boke alikuwa amepakua kwa mazoea ya muda mrefu, na kwa mazoea hayo Ghati hali. Bibi Rhobi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini si kwa mambo ya aina hiyo, alisogeza sahani yake katikati, na mama na binti wakala ugali wa muhogo kwa kuchota upande mmoja mmoja.

Walipolala, Ghati alijilaza mgongoni kwa mama yake kama alivyofundishwa tangu msichana, magoti nyuma ya magoti. Mama yake alimpima kwa mgongo.

"Huyu ndiye," alisema, akalala hadi jua likampiga usoni.

Wiki moja haijaisha, Godwin alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Usiwe na haraka ya kurudi, dada Ghati. Huyu mwenzako hachoki. Hali posho, hadai mshahara, na mashuka yanatoka kama karatasi. Kwa kweli usirudi kabisa. Tukihitaji nitakuita."

"Lakini hiyo ni kazi yangu."

"Nani amekunyang'anya? Sijaajiri mtu mwingine. Nafasi bado ina Ghati."

Ghati alifikiria namna ya kubishana na maneno hayo. Alikuwa bado anafikiria Godwin alipoaga.

Habari hiyo ilipofika kwa Heche, aliitisha kikao cha familia. Walikaa uwanjani, Heche na Boke, bibi Rhobi na blanketi lake, na Ghati wawili, mmoja kwenye kigoda na mmoja kwenye kiti cha wageni. Heche hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yawe yamepangwa.

"Tatizo ni moja," alianza. "Nyumba hii ilikuwa na Ghati mmoja. Leo ina wawili, na kazi ni ya mmoja. Huyu wa kwanza tumemzoea. Huyu wa pili anakula."

"Mimi ndiye wa kwanza," Ghati alisema.

"Hapa nyumbani wewe umekuja wa pili."

"Heche. Ng'ombe zangu ndizo zilizomwoa mke wako. Boke, sema. Si ng'ombe zangu?"

Boke alikubali haraka kwamba ndizo, na kwamba hawezi kusahau.

"Hakuna aliyekataa," Heche alisema. "Ng'ombe walitolewa kwa ajili ya Ghati. Na Ghati tunamheshimu, ubavu wake tunautaja kila mwaka. Si huyo hapo amekaa?"

Wote wakamtazama Ghati wa penseli. Akainama kwa heshima. Ghati akageukia pembeni, kwenye migomba.

"Mura," bibi Rhobi alisema, akimwambia mwanawe, "huyu mwenye joto ni wangu. Mgongo wangu unamtaka."

Heche alitafakari. Alipotafakari alikuna kisogo. Ikaamuliwa kwamba Ghati mwenye joto atakuwa mgeni wa bibi Rhobi, atalala kwake, atakula kwenye sahani yake, na ataondoka baridi ikiisha, kwa sababu baridi ikiisha hatakuwa na shughuli. Wa penseli atabaki kuwa mtoto wa nyumba. Hata Ghati wa penseli aliombwa maoni, akasema sawa.

Siku ya pili yake, wakati Heche yuko shambani, Ghati aliingia sebuleni kwake. Ukurasa ulikuwa umetundikwa ukutani, kati ya kalenda ya parokia na saa. Alitoa kifutio akasugua. Kifutio kiliteleza juu ya plastiki. Alisugua upande wa pili, kikateleza vilevile, na alichofanikiwa ni kuufanya ung'ae zaidi. Akaurudisha kwenye msumari wake.

Mwezi wa nane ulipofika katikati, ukungu ulianza kuchelewa. Asubuhi moja haukuja kabisa. Watoto walivua masweta wakayatupa juu ya ua, na Boke alianika maharage uwanjani, akapitia kwa bibi Rhobi na kikombe chenye maua.

"Chai yako, wifi. Unaondoka lini?"

"Baridi ikiisha," bibi Rhobi alijibu, na jua lilikuwa limemjaa mapajani.

Boke alitazama maharage yake yanavyokauka, kisha akamtazama wifi yake kwa huruma, akaondoka.

Siku ile Ghati alikaa nyuma ya nyumba ya mama yake na daftari. Alirudi kwenye kurasa za mwanzo, za yule bibi wa Kizungu, akaitafuta nyumba iliyofunikwa hadi madirishani. Aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaichora nyumba ya bibi Rhobi na mgomba wake, na bati akaliacha. Hakuchora kitu pale juu. Alitia weusi pembeni, angani na ukutani, taratibu, kama alivyofundishwa, na bati likabaki jeupe.

Kulipokucha theluji ilikuwa imeanguka juu ya nyumba ya bibi Rhobi. Iliishia pale matone ya bati yanapoangukia. Hatua chache kutoka hapo maharage ya Boke yalikuwa yanapasuka kwa jua, na kuku walikuwa wanaoga vumbi. Hakuna aliyepiga kelele. Heche alikuja, akaikanyaga, akaionja, akaenda kuleta kreti za soda na kuzipanga ukutani, na kufikia Jumapili watu waliokuwa wanatoka kanisani walikuwa wanapitia kwake. Jirani aliyekuwa na nyama ya kuhifadhi aliomba sehemu. Watoto walitengeneza mtu, wakamwekea pua ya muhogo. Mwenyekiti wa kitongoji alifika na mtendaji, wakaizunguka nyumba yote, na mwenyekiti akasema kwamba maadamu haijavuka mpaka wa kiwanja, ni jambo la familia.

Ghati wa penseli alifagia hadi pale theluji ilipoanzia, hakuikaribia tena. Aliogopa unyevu, ingawa alikuwa na laminesheni.

Ndani ya nyumba pumzi ya bibi Rhobi ilionekana. Alikaa karibu na moto wa magunzi na mablanketi mawili, na Ghati mgongoni kwake, mchana na jioni. Kila asubuhi Boke alikuja na kikombe, akagonga theluji kwenye ndala zake, akauliza swali lake. Na kila asubuhi bibi Rhobi alitoa jibu lile lile, na safari hii hakuna aliyeweza kumbishia.

Siku moja bibi Rhobi alikuwa anatafuta kiberiti chini ya mto akashika daftari. Alilisogeza mlangoni kwenye mwanga, karibu na jicho lake lililo zima kuliko lingine. Ghati alimwona akipitisha kidole juu ya bati lililoachwa jeupe.

"Baridi hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

Bibi Rhobi alifunika daftari. Alikohoa kidogo, akasubiri kikohozi kipite.

"Mimi nilikuita uniondolee baridi, Ghati."

Ghati alianza kulia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, na kamasi, akasema kwamba atafuta leo hii, sasa hivi, kifutio anacho, karatasi hii haina plastiki. Alisema atafuta kisha atafunga begi.

"Uende wapi?"

Ghati alifikiria kambi, ambako alikuwepo. Akafikiria nyumba ya marehemu mume wake, yenye shemeji zake ndani. Akafikiria uwanja ule pale nje, ambako mtu mwenye mikono ya Vedasto alikuwa anapepeta wimbi la mama yake.

Mama yake alijivuta akarudi kwenye kigoda. Aliliweka daftari mapajani mwa binti yake, akalifungua mwenyewe, akagusa mahali.

"Hapa kwenye dirisha umepasahau," alisema. "Panayeyuka. Chora hadi hapa."

Mwezi wa kumi na mbili ulikuja na jua lake. Ng'ombe akachinjwa, kichuri kikapikwa, na ndugu kutoka Busawe na Musoma wakajaa uwanjani na mashati mapya, wakipeana zamu ya kwenda kupoza vinywaji kwenye ukuta wa bibi Rhobi. Boke alichukua ubavu kwa mikono miwili. Alitangaza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba huu ni wa wifi yangu Ghati, ambaye kwa ng'ombe wake mimi nipo hapa. Watu wakapiga makofi. Kisha akampa Heche, na Ghati wa penseli, kwenye kigoda chake, akasema asante.

Baadaye Boke alichukua kikombe chenye maua, akavuka uwanja, akapanda theluji iliyokuwa imefika kwenye kitasa, akainama mlangoni. Ndani kulikuwa na giza la bluu na harufu ya magunzi. Bibi Rhobi alikuwa amejikunyata, midomo imepauka, meno yanagongana. Ghati alikuwa mgongoni kwake.

"Heri ya Krismasi, mama. Heri ya Krismasi, wifi. Unaondoka lini?"

"Baridi ikiisha," bibi Rhobi alisema.

Boke aliacha chai akaondoka, kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Bibi Rhobi alisikiliza ndala zake hadi zilipofika kwenye vumbi. Kisha akamgusa binti yake kwa kiwiko.

"Ongeza kidogo," alisema.

Ghati alitoa penseli, ambayo sasa ilikuwa imebaki urefu wa kidole gumba, akaichonga kwa kisu, akaongeza.